Chanjo ya bruselosisi ya protini tupu: kwa panya inakubali, kwa ng'ombe bado. Tuongee (uzi mrefu)

SafuYaNikeli

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu ila leo naushusha, maana kila nikikuta watu wanaongelea bruselosisi (wengine wanauita ugonjwa wa kutupa mimba, wengine homa ya Malta) mazungumzo yanaishia kwenye chemsha maziwa na chanja ndama, basi. Ushauri ni sahihi kabisa, sina ubishi nao, ila hakuna anayegusa chanjo yenyewe, ndani yake kuna nini, na kwa nini mpaka leo binadamu hana chanjo ya huu ugonjwa ya kutumika kawaida kama zilivyo za surua au homa ya ini.

Nianze na langu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu ya kuchanja mbuzi kwa Rev.1, mbuzi mmoja akaruka, sindano ikanichoma kidole cha shahada. Rev.1 sio bakteria aliyekufa wakuu, ni Brucella melitensis hai aliyepunguzwa makali kwa mnyama, kwa binadamu bado anauma. Wiki ya tatu nikaanza homa ya jioni jioni, jasho la usiku mpaka shuka linakamulika, mgongo na nyonga kama za mzee wa miaka 90. Nikala doksisaiklini na rifampisini wiki 6. Streptomaisini ambayo ni moja ya dawa bora za huu ugonjwa sikuweza kupewa kwa sababu Rev.1 ni sugu kwa streptomaisini, ndivyo ilivyozaliwa, Elberg na mwenzake waliipata miaka ya 1950 kupitia mabadiliko yanayohusiana na dawa hiyohiyo. Hapo ndo nikaanza kujiuliza, hivi ni lazima tumkinge mnyama kwa kumwingiza adui mzima mzima?

Nilipopona nikarudi shule, sasa hivi kazi yangu ni kutengeneza protini za Brucella ndani ya E. coli na kuzisafisha. Nitaeleza ninachokijua, wenye zaidi mtaongezea.

Kibuyu94

Nipo siti ya mbele mkuu, shusha nondo. Pole sana kwa hilo la sindano.

SafuYaNikeli

Shukrani mkuu. Sasa tuanzie zilizopo maana bila kuzielewa hutaelewa kwa nini watu wanahangaika na protini.

David Bruce alimtoa huyu bakteria kwenye bandama za askari wa Uingereza waliokufa Malta mwaka 1887. Mwaka 1897 Bang kule Denmark akampata ndugu yake kwa ng'ombe wanaotupa mimba. Mwaka 1905 Zammit akaonyesha kwamba mbuzi wa Malta waliobeba ugonjwa walionekana wazima kabisa huku maziwa yao yanaambukiza watu. Yaani zaidi ya miaka 100 tunamjua, tunajua anakaa wapi, tunajua anaambukizaje, na bado makadirio yaliyochapishwa 2023 yanasema visa vipya kwa binadamu vinazidi milioni 1.6 kwa mwaka, wakati kwa miaka mingi sote tulikuwa tunanukuu laki 5.

Chanjo kubwa za mifugo ni tatu na zote ni bakteria hai. S19 ya ng'ombe, John Buck aliitoa kwenye maziwa ya ng'ombe wa aina ya Jersey mwaka 1923, vimelea vikaachwa maabara kwenye joto la kawaida zaidi ya mwaka na vilipopimwa tena vikakutwa vimepoteza makali. Dozi ya kawaida ya ndama ni bakteria hai bilioni 50 hadi 80, hebu fikiria hiyo ikiingia kidoleni. Rev.1 ya mbuzi na kondoo nimeshaitaja. Ya tatu RB51, ya ng'ombe, ilikuja kwenye miaka ya 1990, hii haina ule mnyororo wa sukari wa nje unaoitwa mnyororo wa O.

Huo mnyororo ushikeni vizuri maana ndo kiini cha mambo mengi. Vipimo vya damu kama Rose Bengal vinatafuta kingamwili dhidi ya mnyororo wa O. Ukimchanja ng'ombe S19 anatengeneza kingamwili hizohizo, kwa hiyo ukimpima baadaye hujui kama ni chanjo au ni ugonjwa, na nchi inayotaka kutokomeza kwa kupima na kuondoa wagonjwa inakwama hapo. RB51 ilitatua hilo ila ikaleta lake, ni sugu kwa rifampisini ambayo ni dawa ya binadamu, na mtu akiambukizwa RB51 kipimo cha kawaida cha damu hakimwoni kwa sababu kinatafuta kitu ambacho RB51 hana. Na sio nadharia, mwaka 2017 Marekani walipata mgonjwa Texas aliyeipata RB51 kupitia maziwa mabichi.

Halafu kuna lile la Lanzhou, China, 2019. Kiwanda cha chanjo ya bruselosisi ya mifugo kilitumia dawa ya kuua vijidudu iliyopita muda, hewa chafu ikatoka bila kusafishwa vizuri, upepo ukaibeba, watu zaidi ya 10,000 wakakutwa na maambukizi. Hawa hawakuchunga mbuzi wala kunywa maziwa mabichi. Wengi walikuwa tu wanaishi au kufanya kazi upande unakoelekea upepo.

Kiwanda cha chanjo ya protini hakina Brucella hata mmoja ndani. Kina E. coli wa maabara au hamira waliopewa jeni moja. Kikivuja, hakuna anayepata homa ya Malta. Kwangu mimi hii pekee inatosha kuifanya hii kazi iwe na maana hata kama inachukua miaka.

mwanafunzi_wa_seli

Mkuu naomba unieleze kama mtu wa mwaka wa kwanza, protini rikombinanti inatengenezwaje hasa? Huwa nasoma "tulifanya klonini kwenye pET" naruka hapo.

SafuYaNikeli

Usiruke, ni rahisi kuliko inavyosikika. Unachagua protini ya Brucella unayotaka mwili uijue, tuseme Omp16. Jeni lake unalikopi kwa PCR kutoka kwenye DNA ya Brucella, na siku hizi huhitaji hata kugusa DNA yake, mpangilio upo wazi tangu jenomu ya B. melitensis 16M ilipochapishwa 2002 (kromosomu mbili, herufi kama milioni 3.29), unaandika herufi unazotaka unaagiza jeni linatengenezwa kwa kemia. Unalipachika kwenye plasmidi (hiyo pET ni mojawapo), kile kiduara cha DNA, nyuma ya swichi. Plasmidi unaiingiza kwa E. coli, unawakuza wakishakuwa wengi unaweka kemikali ya IPTG, swichi inawaka, bakteria wanaanza kutoa protini yako kwa fujo mpaka inakuwa sehemu kubwa ya protini zao zote.

Mwishoni mwa protini unakuwa umebandika histidini 6 mfululizo. Hizo zinapenda nikeli. Ukiwapasua bakteria na kupitisha mchuzi wao kwenye safu yenye nikeli, protini yako inang'ang'ania pale, nyingine zote zinapita. Kisha unaiachisha kwa imidazoli. Ndo jina langu limetoka hapo.

Usumbufu ni kwamba protini za utando wa nje wa Brucella, hizi Omp, mara nyingi zikitengenezwa nyingi ndani ya E. coli hazijikunji vizuri, zinaganda zinakuwa mabonge. Inabidi uyayeyushe kwa urea molari 8 halafu uipunguze urea taratibu taratibu ukiomba protini ijikunje upya. Kuna wiki nzima nimewahi kutoka na tope jeupe tu chini ya chupa.

DktZizi

Mimi ni daktari wa mifugo miaka mingi uwandani. Naheshimu kazi yako na pole kwa yaliyokupata, mimi pia nimechomwa na S19 mara moja. Ila niulize bila kuzunguka. Hizi chanjo za protini nazisikia tangu nipo chuo. Kila mwaka mnasema panya wamekingika. Ndama wangu nachanja S19 mara moja akiwa na miezi 3 hadi 6 na anakuwa na kinga ya miaka. Nyie mnataka dozi mbili au tatu za wiki kadhaa kila moja. Ng'ombe wanaohama na malisho utawapata mara tatu wapi? Na lini mtaacha panya?

SafuYaNikeli

Dokta hili swali ndo nililolitaka na sitalikwepa.

Kwanza tuelewe tunapambana na nani. Brucella hakai kwenye damu akisubiri kingamwili. Anamezwa na makrofeji, seli ileile iliyotakiwa kumuua, anaingia ndani ya kifuko, kifuko kinapata uchachu, na ule uchachu badala ya kumuua unamwashia mashine yake ya VirB, kama sindano ya kusukuma protini zake ndani ya seli. Kupitia hiyo anajipeleka kwenye retikulamu ya endoplazimu na kuzaliana humo. Juu ya hapo lipopolisakaridi yake (mafuta na sukari za ganda lake la nje) ni pole sana ukilinganisha na ya E. coli, kengele za mwili hazilii kwa nguvu, na ana protini za kuzima ishara za hatari ndani ya seli. Ni mwizi anayeingia bila mbwa kubweka. Akifika kwenye kondo la nyuma la ng'ombe mwenye mimba anakuta sukari ya erithritoli anayoipenda, anafumuka, mimba inatoka. (S19 kuna jeni za kutumia hiyo erithritoli zimekatika, ni moja ya tofauti zake kubwa na ndugu zake wakali, ingawa bado anaweza kutoa mimba ukimchanja ng'ombe aliyeshika.)

Kwa hiyo kinga tunayoitaka ni ya seli. Seli T zinazotoa ishara ya intaferoni gama ili makrofeji iamke iue kilichomo ndani yake, na seli T za kuua zinazovunja seli zilizokaliwa. Bakteria hai anafundisha hayo yote kwa sababu anapita njia ileile. Protini safi ukiichoma peke yake mwili unaiona kama kitu cha nje kisicho na hatari, unatengeneza kingamwili kidogo unasahau. Ukiichanganya na alamu (chumvi ya alumini), ajuvanti yaani kiamsha kinga cha siku nyingi, unapata kingamwili nyingi, na hizo sizo tulizozihitaji zaidi. Chanjo ya homa ya ini B imekuwa protini rikombinanti ya hamira tangu 1986 na inafanya kazi vizuri mno, ila kile ni kirusi ambacho kingamwili zinakidaka kabla hakijaingia kwenye seli. Watu wengi wanachukua ule ushindi wanadhani utajirudia kwa Brucella. Hautajirudia kwa kunakili.

Kuhusu dozi uko sahihi na sina dawa ya haraka. Wapo wanaofunga protini ndani ya chembe ndogo za PLGA au kitosani ili itoke kidogo kidogo, dozi moja ifanye kazi ya mbili, na wapo wanaojaribu ya kumeza. Kwa panya inaenda. Kwa ng'ombe hatujafika.

Kibuyu94

Sasa protini gani ndo bora? Maana nikitafuta naona majina kama namba za magari.

SafuYaNikeli

Haha ni kweli yanachanganya, nikupe zile ninazoziamini kuzifuatilia.

L7/L12 ni protini ya ribosomu, ipo ndani kabisa ya bakteria, Oliveira na Splitter waliionyesha miaka ya 1990 kwamba inaamsha seli T na inakinga panya kwa kiasi. Watu walishangaa kidogo maana mazoea yalikuwa kutafuta protini za nje. Ila fikiria, kama bakteria anafia ndani ya makrofeji na kusagwa, seli inaonyesha vipande vya kila kilichokuwemo, cha nje na cha ndani.

Omp16 na Omp19, hizi ni za utando wa nje, kundi la Argentina lilizitengeneza bila ule mkia wa mafuta na zikakinga panya, hata kwa kumezeshwa. Omp19 ina jambo zuri, inazuia vimeng'enya vinavyosaga protini, kwa hiyo inapopita tumboni inajilinda na inalinda na antijeni (kile ambacho mwili unafundishwa kukitambua) iliyoambatana nayo. Yaani antijeni na ajuvanti kwa wakati mmoja.

Ninayoipenda kuliko zote ni BLS, lumazini sinthezi. Kazi yake kwa bakteria ni kutengeneza vitamini B2. Binadamu na ng'ombe hatuna hicho kimeng'enya kwa hiyo hakuna hofu ya kinga kushambulia cha kwetu. Ni vipande 10 vinavyojishika vyenyewe, pete mbili za vitano vitano zilizoshikamana, imara sana hata kwenye joto. Na kwenye ncha zake unaweza kupachika kipande cha protini nyingine, kikajirudia mara 10 kwenye umbo moja. Watafiti wa Argentina walipachika kipande cha Omp31 (protini nyingine ya utando wa nje) juu yake wakaiita BLSOmp31, wakaijaribu mpaka kwa kondoo madume dhidi ya Brucella ovis, na ikakinga. Hiyo sio panya dokta, ni kondoo.

DktZizi

Hapo umenipata. Ila B. ovis sio B. abortus wa ng'ombe. B. ovis kwa asili hana mnyororo wa O.

SafuYaNikeli

Umegusa mfupa wenyewe. B. ovis kwa kuwa hana mnyororo wa O, Omp31 yake iko uchi, kingamwili inaifikia moja kwa moja. Kwa B. melitensis mnyororo unaifunika kama manyoya, kingamwili inahangaika kufika, kwa hiyo pale lazima seli T zibebe mzigo. Na kwa B. abortus ni mbaya zaidi, yeye Omp31 hana kabisa, kipande cha kromosomu chenye hilo jeni kilishapotea. Nimewahi kukutana na andiko la pendekezo la utafiti linataka kukinga ng'ombe dhidi ya B. abortus kwa Omp31. Mtu alichagua antijeni kwa sababu ina jina kubwa bila kuangalia kama adui wake anayo. Nilisikitika kwa sababu fedha za hii kazi ni chache.

Nije kwenye "panya wamekingika" maana hapa ndo roho yangu ilipo.

Namna tunavyopima ni hivi, panya wa BALB/c (aina ya panya wa maabara) unawachanja mara mbili tatu, unasubiri, unawaambukiza Brucella mkali kama mbegu za B. abortus 2308 au 544, baada ya wiki chache unatoa bandama unasaga unahesabu bakteria. Tofauti kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa tunaiita logi. Logi 1 maana yake bakteria wamepungua mara 10. Inasikika kubwa. Lakini kama bandama ya asiyechanjwa ina bakteria 1,000,000, ya aliyechanjwa kwa logi 1 ina 100,000. Laki moja hai wakuu. Kwa ng'ombe mwenye mimba hao wanatosha kusubiri kondo. Swali la mfugaji ni mimba imekaa au imetoka na maziwa yana bakteria au hayana, na panya wa BALB/c hawezi kukujibu hilo vizuri.

Halafu nyingi zikiwekwa pembeni ya S19 au Rev.1 kwenye jaribio lilelile zinakuja chini yake. Wengine wanakwepa kwa kutoweka kundi la S19 kabisa, wanalinganisha na chumvi tu. Kazi ya namna hiyo mimi siihesabu.

Lwanda_B

Mimi ni mfugaji, nafuatilia kimya kimya. Nimewahi kupoteza mimba nyingi kwa msimu mmoja, ndama wanazaliwa wamekufa miezi ya mwisho, na nyumbani tuliugua wawili. Swali langu dogo, je hii ikifanikiwa itaweza kuchanjwa kwa ng'ombe mwenye mimba? Maana ya sasa tunaambiwa tusimguse akishashika.

SafuYaNikeli

Pole sana ndugu yangu, miezi ya mwisho ndo tabia yake hasa na inauma maana umeshamlisha mama muda wote huo.

Ndiyo, hilo ni moja ya mambo ambayo protini inayaweza kwa asili yake. Haizaliani, kwa hiyo haiwezi kwenda kwenye kondo ikatoa mimba, haitoki kwenye maziwa, na ikikuchoma wewe au daktari utavimba kidole tu. Na kwa kuwa haina mnyororo wa O mnyama aliyechanjwa hatasoma kama mgonjwa kwenye Rose Bengal. Usalama upo tayari tangu mwanzo. Tunachotafuta bado ni nguvu. Kwa chanjo hai ni kinyume chake, nguvu ipo wanahangaika kutafuta usalama.

Kwa sasa tafadhali usisubiri sisi. Ndama jike wachanjwe kwa zilizopo na mtaalamu, na ile mimba iliyotoka pamoja na kondo lake usishike kwa mkono mtupu na mbwa wasile, hapo ndo kuna bakteria wengi kuliko mahali popote.

seli_T

Vipi kuhusu kubeba jeni badala ya protini? DNA, mRNA, virusi vibebaji? Mimi naona kama protini ni njia ya zamani.

SafuYaNikeli

Hoja nzuri. Ukitaka seli za kuua ziamke kweli, antijeni itengenezwe ndani ya seli ya mnyama mwenyewe, na hapo njia za jeni zinaizidi protini. DNA ya jeni la sod la Brucella na ya L7/L12 zimejaribiwa sana, kwa panya nzuri, kwa mnyama mkubwa zinapoa. Kazakhstan walichukua kirusi cha mafua wakakipachika L7/L12 na Omp16 na wakafika hadi kwa ng'ombe wenye mimba, mimi naona ni moja ya kazi zilizokwenda mbali zaidi uwandani na haizungumzwi inavyostahili. Angalia lakini, antijeni ni zilezile. Nani alizijua? Watu wa protini, kwa kuzisafisha moja moja na kuona ipi seli T inaitikia. Kwa hiyo sioni kama ni ya zamani, hizi njia zinategemeana.

Kinachonitia wasiwasi ni zile chanjo za kompyuta tupu. Mtu anaingiza jenomu kwenye programu, inamchagulia vipande, anaviunganisha kwa viungio, anachora umbo zuri la rangi, anaandika "chanjo bora" na haijawahi kutengenezwa hata tone. Zipo nyingi mno sasa. Programu ni nzuri kwa kupunguza orodha. Ila kama hujaitengeneza ukaona kama inayeyuka majini hujui chochote kuihusu.

Mwaka 2016 kulitangazwa hata zawadi ya dola milioni 30 kwa atakayeleta chanjo bora ya B. melitensis kwa mifugo midogo, mashirika ya AgResults na GALVmed ndo waliisimamia. Fedha ya kiwango hicho inaonyesha ugumu uko wapi.

mwanafunzi_wa_seli

Mkuu nina swali la kwangu kabisa. Nimetengeneza L7/L12 kwa E. coli, nimesafisha kwa nikeli, kwenye jeli ni mstari mmoja safi. Nimeweka kwenye seli za bandama za panya waliochanjwa, intaferoni gama imepanda sana, hata kwa panya ambao hawajachanjwa imepanda kidogo. Msimamizi amefurahi. Mimi hiyo ya wasiochanjwa inaninyima usingizi.

SafuYaNikeli

Usingizi ukunyime, uko sahihi kuwaza hivyo na nakupongeza kwa kulisema.

Protini yako imetoka kwa E. coli. E. coli ana lipopolisakaridi kali, endotoksini, na inagandamana na protini inapita nayo kwenye nikeli mpaka mwisho. Kwenye jeli ya kawaida ya protini huioni, rangi ile inapaka protini. Seli za panya zinaiona kwa kiasi kidogo sana na zinawaka. Sasa unadhani L7/L12 ni antijeni kali kumbe umechoma endotoksini yenye protini ndani yake, umejipa ajuvanti bila kujua. Mwenzako akija kuisafisha vizuri matokeo yanapotea na anaambiwa hajui kazi. Naamini sehemu ya zile logi nzuri za miaka ya nyuma ni hii, na ndo sababu moja ng'ombe hawakujibu kama panya.

Fanya vitu viwili. Pima endotoksini kwa kipimo cha LAL kabla hujagusa mnyama mwingine. Kisha chukua sehemu ya protini uisage na proteinezi K, uichemshe kumzima proteinezi mwenyewe, uiweke kwenye seli zilezile. Protini ikisagwa antijeni haipo tena, ila endotoksini haisagwi na proteinezi wala haiondoki kwa kuchemsha. Seli zikinyamaza, protini yako ni ya kweli. Zikiendelea kuitikia, unajua umekuwa unapima nini.

DktZizi

Hili sikulijua. Miaka yote nasoma hizo karatasi sikuwahi kuangalia kama wamepima endotoksini. Kuanzia leo ndo nitaanzia hapo. Na mdogo wangu mwanafunzi usiogope kumwambia msimamizi, mwambie kwa adabu na data mkononi.

mwanafunzi_wa_seli

Wakuu nimerudi, imepita muda kidogo samahani. Nimefanya. Protini iliyosagwa bado inapandisha intaferoni, sio kama nzima ila inapandisha wazi kabisa. LAL nayo imekuja juu mno. Nimemwonyesha msimamizi, alikaa kimya muda mrefu halafu akaniambia tuanze upya kusafisha. Panya waliopangwa wiki ijayo tumewaahirisha.

SafuYaNikeli

Mmefanya jambo kubwa wewe na yeye. Na angalia, iliyosagwa ni chini ya nzima, kwa hiyo huenda kuna ishara ya kweli ya L7/L12 chini ya hiyo kelele, usikate tamaa nayo.

Tumia Triton X-114, ni sabuni ya maabara. Ichanganye na protini kwenye baridi ya nyuzi 4 izunguke kama nusu saa, halafu ipashe nyuzi 37 itajitenga tabaka mbili, zungusha kwenye sentrifuji ikiwa bado ya joto, endotoksini inashuka chini na Triton, protini yako inabaki juu. Chukua ya juu tu, usiwe na tamaa ya kukwangua karibu na mpaka. Rudia mara tatu au nne. Kisha uirudishe kwenye nikeli uioshe sana kutoa mabaki ya Triton maana nayo inaua seli. Pima LAL tena, rudia na lile jaribio la kusaga, ulete majibu hapahapa.

mwanafunzi_wa_seli

Sawa mkuu. Barafu ninayo, naanza kesho asubuhi.